Vyura Hawakunyamaza

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita kwa sababu muuza sambusa aliliwahi, habari ni hii. Trinah, mtunzi wa mchezo wa redio uitwao Muteteli wa Mto, ameshuka bonde la Nyabarongo pamoja na Salvator, fundi wake wa sauti. Wanataka sauti za kweli kwa ajili ya sehemu ya mwisho ya mchezo. Wameweka spika njiani, wameielekeza mtoni, wamepiga mlio wa kiboko kwa nguvu zote, kisha wakasubiri.

Mlio ukajibiwa. Niliwaachia hapo, na kuna msomaji mmoja wa Kabeza amenipigia simu kuniambia sina adabu. Ni kweli, sina. Tuendelee.

Mlio ulijibiwa, lakini haukutoka mtoni. Ulitoka nyuma yao.

"Umesikia?" Trinah aliuliza. Hakuthubutu kugeuka.

"Nimesikia."

"Ni mwangwi, siyo?"

"Mwangwi haucheki, dada. Huyu amecheka pale mwishoni."

Hapo ndipo walipogeuka, wote wawili kwa pamoja.

Kati yao na barabara walikoacha gari palikuwa na shimo kubwa. Mafundi matofali walichimba udongo pale mpaka wakahama, mvua za masika zikalijaza, likawa bwawa la maji mekundu. Trinah alikuwa amelipita muda si mrefu akilalamikia matope kwenye viatu vyake. Hakulitazama mara mbili. Nani ahangaike na shimo wakati mto mzima uko mbele yake?

Sasa maji ya shimo yalitikisika. Yakatokea masikio mawili madogo, yakajipukuta. Yakafuata macho. Halafu pua, na pua zikapuliza.

Nawaambia ukweli, haikuwa kama redioni hata kidogo.

Redioni, Trinah humwandalia kiboko njia kama bibi harusi. Kwanza upepo unatulia. Kisha mbwa wa Muteteli anakataa kusonga mbele. Halafu, na hili ndilo lililomjengea jina, vyura wote wa mto wananyamaza ghafla. Salvator huwakata kwa kitufe kimoja, kimya kinatanda, na kuanzia Kanombe mpaka Nyamirambo watu wanaacha kutafuna. Kila shabiki anajua kanuni hiyo: vyura wakinyamaza, kiboko amefika.

Aliibuni kwenye meza ya mgahawa huko Kimihurura, mbele ya kikombe cha kahawa ya maziwa. Hakuwahi kumwuliza chura yeyote.

Na pale bondeni vyura walikuwa wanaimba kwa kukomoana, huku kiboko amewakodolea macho wageni wake.

"Tulia," Salvator alinong'ona. "Bado yuko mbali. Sikiliza vyura."

"Vyura gani?"

"Hawajanyamaza."

"Salvator! Si wewe unayewanyamazisha kwa kidole chako mwenyewe?"

Salvator akafikiri kidogo. "Mais c'est vrai," akasema, kwamba kweli ni yeye, na kwa mara ya kwanza uso wake ukakunjamana.

Mcheke ukitaka, msomaji, lakini mcheke taratibu. Uongo ukirudiwa kila Jumamosi, hata mpishi wake huketi akaula.

Hata hivyo jeuri haiishi mara moja. Salvator alizaliwa Bujumbura, akakulia huko mpaka wazazi wake waliporudi Rwanda, na mtu wa Buja ukimtajia kiboko ni kama umemtajia jirani yake.

"Dada, usiogope," alisema, akijikaza. "Kwetu Buja hawa wanatoka ziwani jioni, wanakula majani kando ya barabara. Watu wanakunywa bia, wanapiga picha. Mimi mmoja alinipita karibu hivi, nikamwambia bonsoir, akaendelea na safari zake."

"Tumesimama kati yake na mto."

"Donc, basi, tumpishe. Polepole. Mnyama ukimwonyesha adabu na yeye anakuonyesha adabu."

Wahenga walisema usimtukane mamba kabla hujavuka mto. Kuhusu kiboko hawakusema kitu. Pengine waliotaka kusema hawakurudi.

Salvator alisogea mbele, akainua mkono taratibu, vile anavyosalimiwa mzee wa mtaa. Kiboko alimtazama. Akafungua kinywa, akakifungua zaidi, mpaka Trinah akaona meno ambayo hakuwahi kuyaandika kwa sababu aliona wasikilizaji hawatamwamini.

Kisha maji yakapasuka. Mnyama alitoka nusu mwili, akatupa kichwa, na wimbi la matope likawalowesha mpaka kiunoni.

"Huyu siyo wa Buja!" Salvator alipiga kelele, na hapo habari za adabu zikaisha.

Walikimbilia tanuri la zamani la matofali, refu kuliko mtu, lililoachwa pembeni mwa njia. Salvator alimsukuma Trinah juu, akamrushia spika, maana fundi haachi chombo hata akifukuzwa na shetani, kisha akapanda yeye. Walilala kifudifudi juu ya matofali wakihema. Kiboko alirudi majini na kuwatazama tu.

Simu ya Trinah ikalia.

Alikuwa Norman, mkuu wa vipindi wa Redio Ngoma Yetu, mtu aliyelelewa Kampala kama Trinah na anayeamini kwamba hakuna balaa lisilofaa kuwa kipindi. Ndiye aliyewatuma pale.

"Trinah! Umepata sauti?"

"Nimempata mwenye sauti. Yuko hapa chini yetu! Norman, pliz, ita polisi, ita watu wa wanyama, ita yeyote."

"Ebo! Hiyo sauti yako inavyotetemeka, usiipoteze. Endelea hivyo hivyo, narekodi."

"Siigizi!"

"Sawasawa kabisa! Rudia tena hiyo, 'siigizi'. Vuta pumzi kwanza."

Niwakumbushe kwamba Trinah haandiki tu. Muteteli, msichana wa mtoni ambaye Kigali nzima inamlilia, ni sauti ya Trinah mwenyewe. Kwa hiyo Norman hakuwa mjinga sana. Alikuwa amezoea kumsikia akifa mara moja kwa wiki.

Trinah alikuwa anatafuta tusi linalomfaa bosi wake, Salvator akamvuta mkono.

"Dada. Kuna mtu kule."

Upande wa mto, ukingoni mwa urubingo, yale majani marefu wanayokatiwa ng'ombe, mwanamke alikuwa ameinama na mundu. Alikuwa na gunia karibu limejaa na simu ndogo imening'inia shingoni kwa kamba, redio ikiimba. Alikuwa hana habari na dunia. Kiboko hakuweza kumwona, naye hakuweza kumwona kiboko, kwa sababu urubingo ulisimama katikati.

Lakini alisimama njiani. Ilikuwa njia nzuri, pana, laini, haina mwiba hata mmoja, imenyooka kutoka shimoni mpaka mtoni. Bila shaka aliipenda kwa sababu hiyo. Hakujiuliza ni nani anayeipita kila siku mpaka ikawa laini vile.

"Mama!" Trinah aliita. "Mama! Toka hapo! Kimbia huku!"

Mwanamke akainuka. Akatafuta sauti inatoka wapi, akamwona mtu juu ya tanuri, na uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Yewe! Hiyo sauti mimi najua! Ni Muteteli! Wewe iko Muteteli wa redio!"

"Ndiyo, ni mimi. Toka hapo!"

"Ni yeye kabisa! Bwana yangu, Papa Mahoro, hatakubali nikimwambia."

"Mama, kuna kiboko!"

Mwanamke akainamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza kwa makini. Kisha akatikisa kichwa kwa upole, vile unavyomtoa wasiwasi mgeni.

"Hapana, dada. Vyura iko naimba."

Trinah aliinuka kwa magoti juu ya matofali.

"Hiyo ya vyura ni uongo! Niliitunga mimi!"

"Utatunga namna gani? Ile siku vyura ilinyamaza, mimi nilikimbia mpaka nyumbani. Ikaimba, nikarudi, sikuona kitu. Zamani nilikuwa naogopa huku, nakata majani kule juu tu, majani mabaya. Wewe ndiyo ulinifundisha."

Maskini. Aliitwa Uwimana, na alikuwa na ng'ombe mmoja mwenye mimba kubwa nyumbani. Kwa miaka yote aliliogopa bonde lile, akafanya vyema kuliogopa. Trinah ndiye aliyemtoa hofu, kwa kitufe kimoja na kikombe cha kahawa.

"Norman, unasikia?" Trinah alilia kwenye simu. "Kuna mama hapa, ananiamini mimi wa redio, haniamini mimi!"

"Tamu sana hiyo," Norman alisema. "Nani kaandika?"

Salvator alikuwa ameacha kuwasikiliza. Alitazama shimo.

"Anatoka," alisema.

Kiboko alipanda ukingo bila haraka na bila kelele. Hakunguruma, hakupiga maji. Uzito wote ule ulitoka kwenye matope kwa ulaini uliomtisha Trinah kuliko mlio wowote. Alisimama, maji yakimchuruzika tumboni, kisha akaishika njia yake ya kwenda mtoni. Alikuwa anatembea tu, mwenye nyumba anayerudi kwake. Vyura wakaendelea kuimba.

"Nipe simu," Salvator alisema.

"Niko na Norman."

"Mkate Norman! Mlio uko ndani ya simu yako, nataka spika ifanye kazi. Amenijibu mimi huyo. Anadhani mimi ni dume mgeni, nataka kumnyang'anya shimo. Nikimtukania kwake, atarudi."

Sasa niwaambie kilichofanya Salvator aseme "amenijibu mimi". Mlio ule haukuwa wa kiboko. Aliutengeneza mwenyewe studio, akipumua ndani ya jerikani ya njano, akaupunguza kasi ukawa mzito. Kwa hiyo muda wote huo dume zima la Nyabarongo lilikuwa linajibizana na baba wa watu na jerikani yake.

"Salvator, una mke," Trinah alisema, simu ameing'ang'ania. "Nitamwambia nini Cécile?"

"Utamwambia nilishuka. Nikibaki hapa juu naangalia, hapo ndiyo utakosa cha kumwambia."

Trinah alimkata Norman katikati ya sentensi. Kumbukeni jambo hilo, maana Norman si mtu wa kukatwa akatulia.

Salvator alishuka na spika kwapani, simu mkononi, akakimbilia shimoni kwa mgongo ulioinama. Trinah alishuka upande wa pili. Hakuwa shujaa, nisiwadanganye. Alikuwa ameshaanza kulia. Lakini yule mama alikuwa bado amesimama njiani, akimpungia mkono.

Mlio wa jerikani ulivuma bonde zima.

Kiboko alisimama. Alikuwa amebakiza urubingo kidogo tu kumfikia Uwimana. Akageuka mwili mzima, na hasira yake ya kwanza ilikuwa ya kihuni kabisa: alitoa mavi, akayapiga kwa mkia huku na huku mpaka majani yote yakabadilika rangi. Ndivyo wanavyowekeana mipaka wenyewe kwa wenyewe. Kisha akaanza kukimbia kurudi shimoni.

Uwimana alimwona hapo, alipogeuka. Aliona mgongo ukipanda juu ya majani, mweusi na mpana kuliko kitanda. Mundu ukamdondoka.

"Mana yanjye," alisema polepole, akimwita Mungu wake.

"Njoo! Njoo, mama, twende!" Trinah alimshika mkono.

Uwimana alikwenda hatua mbili, akajivuta nyuma. "Majani."

"Majani gani?"

"Ya ng'ombe! Atazaa wiki hii, atakula nini?"

"Acha majani!"

"Siachi!"

Hapakuwa na muda wa kugombana. Trinah alishika upande mmoja wa gunia, Uwimana upande wa pili, wakaliburura mbio kwenye matuta ya viazi, wakianguka na kuamka, mpaka tanurini. Walilisukuma gunia juu kwanza. Ndiyo, gunia kwanza. Ukiwa na ng'ombe mmoja utaelewa.

Walipofika juu, Trinah alimtafuta Salvator kwa macho. Alikuwa kwenye mparachichi ng'ambo ya shimo, ameukumbatia kwa mikono na miguu. Chini yake spika ilikuwa bado inamtukana mwenye shimo. Halafu simu ilimponyoka Salvator, ikaingia majini, na spika ikanyamaza. Haikusaidia kitu. Kiboko aliikanyaga, akaiuma, akaitema, akaikanyaga tena.

Kisha akaingia ndani ya urubingo, na majani yakajifunga nyuma yake. Hakuonekana tena.

"Salvator! Unamwona?"

"Simwoni! Ninyi je?"

"Hapana!"

Huo ndio ukawa ubaya mpya. Kiboko anayeonekana ni tatizo la miguu, unakimbia. Asiyeonekana ni tatizo la akili, na akili ya Trinah ilikuwa imefundishwa kazi moja tu, kuwaza mabaya na kuyapa sauti. Kila jani lililotikisika aliliandikia kifo.

Uwimana alikaa juu ya gunia lake. Hakulia. Alimtazama Trinah kwa namna ya mtu aliyeuziwa sokoni kitu kibovu na muuzaji anayemwamini.

"Vyura haikunyamaza," alisema.

"Najua, mama. Nisamehe."

"Ilikuwa naimba tu. Mpaka sasa iko naimba."

"Nisamehe. Sikujua kuna mtu atakayefuata."

"Utasema kwa redio halafu usifuatwe?"

Aibu ilimshika Trinah mpaka masikioni, aibu ya kweli, si ile ya kuandikwa. Aliwaza barua pepe za mashabiki walizosoma hewani wakicheka. Mvuvi mmoja aliandika kwamba sasa anavuka mto bila wasiwasi. Walimpigia makofi studio nzima.

"Nitasema ukweli," aliahidi. "Jumamosi, kabla mchezo haujaanza."

"Jumamosi iko mbali," Uwimana alisema. "Wanawake wa huku wanashuka kila asubuhi. Mimi ndiyo niliwaita."

Wakati huo honi zikasikika.

Zilitoka juu, barabarani. Kwanza moja, kisha nyingi, honi za moto, zile pikipiki za abiria, zinazopanga foleni bila sababu. Watu wakaanza kutokea penye gari la redio. Akina mama na watoto mgongoni. Mafundi waliotoka kazini na vumbi lao. Muuza mayai ya kuchemsha na ndoo yake, maana penye watu yeye yupo. Simu zao zilikuwa zimeinuliwa tayari kwa picha, na kutoka kwenye simu mojawapo ilisikika sauti nzito ya Norman, moja kwa moja kutoka Kimihurura:

"...tumepoteza mawasiliano na Muteteli wetu! Mara ya mwisho alikuwa kwenye matanuri ya zamani, bonde la Nyabarongo, ana kwa ana na kiboko! Ndugu msikilizaji, je, Muteteli yu hai? Usiondoke hapo ulipo!"

Aliwaambia wasiondoke walipo. Wakaondoka wote.

Trinah alisimama juu ya tanuri, akainua mikono. "Rudini! Rudini juu! Kiboko yuko hapa! Kimbieni!"

Kilichofuata sitakisahau, na mimi ndiye ninayekitunga. Watu walipiga makofi.

"Ni yeye!" mtu alipiga kelele. "Sikia sauti!"

"Muteteli, usiogope, tuko na wewe!"

"Siigizi!" Trinah alilia. Machozi yakamtiririka, na kadiri alivyolia ndivyo makofi yalivyozidi. Alikuwa hajawahi kuigiza vizuri namna ile. Mama mmoja alifuta machozi kwa pembe ya kitenge. Wengine walianza kushuka njiani wapate picha ya karibu, na njia yao ilipita kando ya urubingo. Wengine waliitana wenyewe kwa wenyewe kwa utulivu wa watu wanaojua mambo: shukeni tu, si mnasikia vyura wanaimba?

Trinah akamgeukia Uwimana. "Waambie wewe. Mimi siwezi tena. Wewe hawajawahi kukusikia redioni."

Uwimana akasimama juu ya gunia la majani. Alikuwa mwanamke mdogo, lakini aliyezoea kuita watu wa mlima wa pili. Aliweka mikono kinywani, akaacha Kiswahili cha wageni, akashika Kinyarwanda cha nyumbani.

"Si ikinamico! Ni imvubu y'ukuri! Nimuhunge!"

Si mchezo. Ni kiboko wa kweli. Kimbieni. Haikuwa na mapambo, na mlima wote uliielewa.

Makofi yalikatika. Simu zikashuka. Kisha wote wakageuka pamoja. Watoto walinyakuliwa, ndoo ya mayai ikabingirika, na ule umati wa mashabiki ukapanda kilima kwa fujo, kila mtu akimsukuma aliye mbele yake. Trinah alikaa chini. Wanaondoka. Asante Mungu, wanaondoka.

"Yule nani?" Salvator aliita kutoka mtini. "Yule mmoja anafanya nini?"

Wote walikuwa wanapanda. Mmoja alikuwa anashuka.

Alikuwa motari, dereva wa moto, koti lake la kazi mwilini, kofia ya pikipiki bado kichwani. Alikuwa ameleta abiria kutazama mchezo, akabaki nyuma kabisa kwenye pikipiki yake, kwa sababu kwake yeye michezo ya redio ni ya mkewe. Sauti ya Muteteli haikumshtua hata kidogo. Lakini sauti iliyofuata aliijua kuliko honi yake.

"Mama Mahoro!" aliita. "Mama Mahoro, uko wapi?"

"Papa Mahoro?" Uwimana alishika kifua. "Garuka! Habumugisha, rudi! Rudi nyuma!"

Lakini kofia ilimziba masikio. Maneno hayakumfikia. Kilichofika ni sauti tu, sauti ya mkewe ikilia kutoka bondeni penye kiboko. Kila Uwimana alipoita, mumewe aliongeza mbio.

"Majani!" Salvator alipiga kelele. "Majani yanatikisika! Yuko ndani ya urubingo, chini ya njia! Dada, mwambie mama asimwite, anamvuta huku!"

Trinah aliona na yeye. Katikati ya urubingo, kati ya tanuri na njia, majani yalikuwa yanalala taratibu, yakielekea anakotoka Habumugisha.

Uwimana alielewa kabla hajaambiwa. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, akaung'ata mmoja, asije akaita tena.

Habumugisha akasimama njiani. Akageuza kofia huku na huku, akitafuta ile sauti. Hakuisikia. Na mume aliyeishi na mkewe muda mrefu anajua kwamba mwanamke huyu hanyamazi bure.

Basi akaiacha njia, akaingia ndani ya urubingo, akakata moja kwa moja kuelekea pale sauti ilipokoma.